Paa la asbesto shuleni: msilivunje, msilipuuze

Shule, zahanati na ofisi nyingi za zamani nchini Kenya bado zina mapaa ya asbesto. Ni yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, yasiyoshika kutu, na mvua ikinyesha hayapigi kelele kama mabati ya chuma. Wazazi huuliza: je, watoto wetu wako hatarini wakisomea chini yake?

Inategemea hali ya paa. Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno, na mabati hayo hutengenezwa kwa kuzichanganya na saruji. Bati likiwa zima, saruji huzishika. Likivunjwa, likitobolewa, likikatwa au likichakaa, nyuzi huruka na vumbi, wala macho hayazioni. Mtu akizivuta, hukwama mapafuni. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu. Ugonjwa huchelewa kujitokeza, mara nyingi miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo fundi aliyekata bati leo na hakukohoa asidhani amesalimika.

Ndiyo maana kubomoa paa kiholela kunaweza kuleta hatari kubwa kuliko kuliacha likiwa zima. Kamati ya shule au zahanati inaweza kuanza hivi:

1. Andikeni ni majengo gani yana mabati hayo. Kama hamna uhakika, yachukulieni kuwa ni asbesto hadi maabara ithibitishe.
2. Yakagueni mkiwa chini, kila baada ya muda. Andikeni nyufa na sehemu zilizovunjika.
3. Mwambieni kila fundi kabla hajapanda. Mabati haya huvunjika ghafla yakikanyagwa, na mtu huweza kuanguka na kufa.
4. Msiyasugue, msiyatoboe. Vipande vikianguka, wazuieni watoto wasikaribie. Msifagie vumbi likiwa kavu, wala tope kavu la kwenye mifereji ya paa.

Leso au barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi.

Paa likiwa limechakaa, liondolewe na watu wenye leseni. Kanuni za Kenya kuhusu taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na ofisi ya NEMA ya kaunti ndiyo ya kuulizwa kwanza. Kazi yenyewe hufanywa kwa kulowesha mabati, kuyashusha mazima, kuyafunga kwa plastiki nzito na kuyazika mahali palipoidhinishwa.

Tahadhari ya mwisho ni kwa majirani. Shule ikibadilisha paa, mabati ya zamani huonekana kama mali ya bure ya kujengea banda la kuku au choo. Msiyachukue. Ukiyakata nyumbani, vumbi lake utalivuta wewe na watoto wako.