Fuateni Mto Athi Mpaka Baharini

Watu wengi wa Kitui na Makueni wakisikia neno utalii hudhani ni shughuli ya Wazungu wenye kamera shingoni. Si ajabu basi kwamba mtoto aliyezaliwa Tulia anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amemwona ndovu katika kitabu cha jiografia tu, ilhali mbuga ya Tsavo Mashariki inapakana na kaunti yake. Wenzake wa kusini, upande wa Mutha na Ikutha, humjua ndovu kama mgeni wa usiku anayekuja kukanyaga mtama. Huko si kumwona, ni kumkimbia.

Familia inayotaka kusafiri kwa wiki tatu haihitaji kutafuta njia mbali. Mto Athi, unaotenganisha Kitui na Makueni, ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia Malindi huitwa Sabaki, kisha unamwagika katika Bahari Hindi. Ukiufuata mto huo umepata milima, mbuga na pwani kwa safari moja.

Swali la kwanza ni lini. Desemba bahari huwa nzuri kwa sababu pepo za kaskazi zimeshika, lakini vyumba vya pwani hupanda bei na mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo la mkulima wa Ukambani, humtaka mtu shambani akipalilia ndengu na kunde. Isitoshe, baada ya Krismasi inakuja ile Njaanuari, mzazi akidaiwa karo, sare na vitabu kwa pamoja. Kwa maoni yangu, likizo ya Agosti ndiyo bora. Ni kweli kwamba kusi huchafua bahari na kuleta mwani ufuoni. Lakini Tsavo huwa kavu, nyasi zimepungua, na wanyama hukusanyika penye maji ambapo hata mtoto mdogo atawaona. Tena Julai hadi Oktoba nyangumi hupita karibu na Watamu.

Kuhusu pesa, karo ya muhula wa tatu itengwe kwanza, kisha ndipo safari ipangwe kwa kilichobaki. Kuuza fahali kwa ajili ya matembezi sikubaliani nako. Afadhali kuweka akiba kidogo kidogo tangu Januari, au familia mbili tatu ziungane zikodi gari moja, kwa sababu ndani ya mbuga gari ndilo linalomaliza mfuko. Ada ya Shirika la Wanyamapori, KWS, huhesabiwa kwa kila mtu kwa saa 24, na hulipwa kwa simu au kadi wala si kwa noti langoni. Ulizeni bei kabla ya kuondoka maana hubadilika. Bebeni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ili mtozwe bei ya mwananchi. Hema la kuazima litaokoa fedha nyingi, ila chakula kisiachwe nje: nyani wa Tsavo hawangoji kukaribishwa.

Na jambo ambalo wengi hulisahau: tangu Juni 5, 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na fuo zinazolindwa. Chukueni mitungi. Nyanya akitaka kubeba kibuyu chake, acheni abebe.

Wiki ya kwanza yaweza kuanzia nyumbani, kwenye mwamba wa Nzambani karibu na mji wa Kitui, ambao wazee husema ukiuzunguka mara saba unageuka, mwanamume kuwa mwanamke na mwanamke kuwa mwanamume. Kisha shikeni barabara ya lami ya Mutomo hadi Kibwezi, na kutoka hapo hadi Mtito Andei, penye lango la Tsavo Magharibi. Humo msikose chemchemi za Mzima. Maji yake hutoka chini ya miamba ya Chyulu, na mengine husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Kuna chumba kilichojengwa ndani ya maji ambapo mtu huwatazama samaki kupitia kioo, na mwenye bahati humwona kiboko.

Wiki ya pili ni ya Tsavo Mashariki. Wenye gari waweza kuingia Manyani, wafuate Galana kupitia maporomoko ya Lugard, watokee lango la Sala na kuendelea hadi Malindi. Wa matatu watazunguka kupitia Mombasa.

Malindi, waonyesheni watoto mdomo wa Sabaki. Mvua zikinyesha bara, bahari ya hapo hugeuka rangi ya matope, na sehemu ya matope hayo ni udongo wa mashamba ya Ukambani uliokosa matuta. Mwanafunzi hahitaji somo jingine la mmomonyoko. Kutoka hapo Watamu si mbali. Pana magofu ya Gede, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na msitu wa Arabuko-Sokoke anakoishi sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu.

Bahari yenyewe ndiyo inayonitia hofu. Mtoto wa Tulia amezoea mto wa mchanga, ambako maji huchimbwa. Hajui kuogelea, na mara nyingi baba yake pia hajui. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja bamvua, yakaenda mbali sana na kurudi kwa nguvu. Anayetembea mwambani maji yakiwa yamekupwa aweza kujikuta amezingirwa. Waulizeni wavuvi saa za maji kila asubuhi, kwani hubadilika kwa karibu dakika 50 kila siku. Watoto wasipite kiunoni, wavae raba kwa sababu ya miiba ya miambani, na mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwatazama tu, simu ikiwa mfukoni. Usiku, chandarua.

Kurudi, treni inayosimama vituo vya kati huwashusha Kibwezi. Tikiti zinunuliwe mapema, maana wiki ya mwisho ya likizo viti hujaa.