Rimu za spoki za kromu: kagua meno kabla ya kulipia mng'aro

Mfanyabiashara anayenunua vipuri vilivyotumika kutoka Uingereza anaweza siku moja kuonyeshwa seti ya rimu za spoki zinazong'aa kama kioo. Bei inavutia na muuzaji ana haraka. Lakini kwa bidhaa hii kromu ndicho kitu cha mwisho kuangaliwa. Rimu inayong'aa inaweza kuwa chuma chakavu, na iliyofubaa ikawa mali.

Rimu hizi zilitumika sana kwenye magari ya michezo ya Kiingereza ya miaka ya 1950 hadi 1970, kama MG, Triumph, Austin-Healey na Jaguar. Wateja wake leo ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye magari ya kale, wakiwamo wanaoyapeleka kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970. Wa pili, ambao wengi wako Uingereza kwenyewe, ni watu wanaojiundia magari nyumbani. Hawa hununua bodi na chesisi kutoka kiwanda kidogo, kisha huchukua injini, ekseli na rimu kutoka gari la zamani.

Inavyofanya kazi

Rimu ya kawaida hufungwa kwa nati nne au tano. Rimu ya spoki ina tundu moja kubwa katikati lenye meno kwa ndani. Meno hayo huingia kwenye meno ya habu, na nati moja kubwa hukaza vyote pamoja. Nguvu yote ya injini na ya breki hupitia kwenye meno hayo, kisha kwenye spoki. MGB kwa kawaida ilikuwa na spoki 60 kwa kila rimu. Zipo pia za spoki 72, ambazo ni imara zaidi.

Ikumbukwe kwamba hata kiwanda kilijua mipaka ya rimu hizi. MGB GT V8 ilipotoka mwaka 1973 haikupewa rimu za spoki, kwa kuwa injini yake ilikuwa na nguvu nyingi. Anayejiundia gari lenye injini kubwa aambiwe hivyo kabla ya kuuziwa seti ya spoki 60.

Mambo matatu ya kukagua

Kwanza, meno. Pitisha kidole ndani ya tundu. Jino zima lina ncha bapa, lililolika limechongoka kama la msumeno. Jino likishachongoka hakuna kulirekebisha, rimu hiyo imekwisha. Kama rimu bado iko kwenye gari, inua kwa jeki, mwenzako akanyage breki, nawe ujaribu kuzungusha gurudumu mbele na nyuma. Likicheza, meno yamelika. Aidha, rimu mpya ikifungwa kwenye habu chakavu italika upesi, hivyo mshauri mteja abadilishe vyote kwa pamoja.

Pili, spoki. Fundi wa pikipiki anaijua njia hii: gonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokaza hutoa mlio mkali, iliyolegea au iliyokatika hutoa mlio mzito. Moja au mbili zinarekebishika. Zikiwa nyingi, rimu inahitaji kufumuliwa na kusukwa upya.

Tatu, mzunguko. Zungusha rimu huku umeshikilia kitu kilichosimama karibu na ukingo wake. Ikiyumba zaidi ya milimita 1.5 hivi, inahitaji kunyooshwa na fundi wa spoki. Ukingo wenyewe ukiwa umepinda au umeliwa na kutu, gharama hupanda zaidi.

Kromu na hasara zake

Wengi hudhani rimu iliyofubaa huchovywa tu kromu ikawa mpya. Sivyo. Rimu ikichovywa nzima, asidi hubaki kwenye maungio ya spoki na kuanza kula chuma kwa ndani. Hata spoki zilizofumuliwa zina hatari yake: kazi ya kuchovya huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na spoki huweza kukatika ghafla barabarani, isipokuwa zimeokwa kwenye joto mara baada ya kuchovywa. Kuzisugua sana ili zing'ae nako huzipunguza unene.

Njia salama ni kufumua rimu, kuchovya ukingo na kitovu, na kuweka spoki mpya za chuma kisichoshika kutu. Gharama ya kazi hiyo huweza kufikia bei ya rimu mpya. Kwa rimu yenye meno mazima lakini kromu mbaya, rangi ya fedha ni suluhisho la heshima, kwani rimu nyingi za aina hii zilitoka kiwandani zikiwa na rangi.

Kuzifunga kwenye gari

Hapa ndipo penye hatari ya maisha. Habu za kushoto na kulia hazifanani. Kwenye magari haya upande wa kushoto una nyuzi za kawaida, na wa kulia una nyuzi za kinyume, ili mwendo wa gari uzidi kukaza nati. Anayejiundia gari akibadilisha pande, nati hulegea yenyewe na gurudumu hutoka gari likiwa mwendoni.

Vipimo navyo ni lazima viandikwe kwenye ankara. Meno ya MGB ni ya kipimo cha milimita 42, ya Jaguar E-Type ni 52. MGB za mwanzo zina nati za nyuzi 12 kwa inchi, za baadaye nyuzi 8. Haziingiliani. Nati za pembe nane zinatafutwa kuliko zenye mabawa, kwa sababu mabawa yaliyochomoza yanaweza kulikwamisha gari la kujiundia kwenye ukaguzi wa Uingereza kabla ya usajili.

Mwisho, rimu nyingi za zamani huvujisha upepo kwenye spoki. Zinahitaji mpira wa ndani pamoja na ukanda wa kukinga mpira huo.

Hesabu ya mfanyabiashara

Rimu za magari huingia kwenye kifungu cha forodha 8708.70, na ushuru wa Afrika Mashariki hukokotolewa kwa bei pamoja na bima na nauli. Maana yake rimu mbovu huilipia nauli na ushuru kama nzima.

Tuchukulie umenunua rimu 5 kwa 500, na kuzifikisha kumegharimu 250. Kila moja imekusimamia 150. Mbili zikikataliwa, tatu zilizobaki zinabeba 750, yaani 250 kila moja. Tena mteja anataka nne zinazofanana, kwa hiyo hata hizo tatu huwezi kuziuza kama seti.

Kwa hiyo kabla ya kutuma fedha, omba picha ya karibu ya meno ya kila rimu, si picha ya rimu ikiwa juani. Muuzaji akisitasita, umeshapata jibu.