Stempu za Babu: Kwa Nini Nyingi Hazina Dili, na Zipi Usiziguse



Kuna swali naulizwa sana na vijana wenzangu hapa mjini: "Mgosi, nyumbani kuna albamu ya stempu za marehemu babu, nasikia Wazungu wananunua kwa dola. Nianzie wapi?" Anayeuliza ukimwangalia usoni unaona kabisa keshapiga hesabu ya ada ya chuo au mtaji wa bodaboda. Leo nataka nieleze ishu hii taratibu, maana watu wanavunjika moyo bila kuelewa sababu, na wengine wanaharibu kitu cha maana huku wanahangaika na makaratasi.

Nianze na mpira, hapo wote tupo pamoja.

Kampuni ya Panini ya Italia ilianza albamu za stika za Kombe la Dunia mwaka 1970, Mexico. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi: unanunua pakiti, unabandika, ukipata ya kujirudia unabadilishana na mwenzako, siku moja albamu inajaa. Sasa angalia ya Qatar 2022. Mbali na stika za kawaida za albamu, waliweka stika za ziada za wachezaji 20, kila mmoja kwa matoleo manne: la kawaida, la shaba, la fedha na la dhahabu. Ishirini mara nne ni 80. Picha ni zilezile, kinachobadilika ni rangi, na kwenye albamu hazina hata nafasi ya kubandika.

Huo mtindo umetoka kwenye kadi za wachezaji za Marekani. Miaka ya 1980 kampuni zilichapa kadi nyingi kupita kiasi na bei zikaporomoka. Dawa waliyoipata ni kutengeneza uhaba kwa makusudi. Mwaka 1992 Topps wakatoa kadi zilezile za baseball zikiwa na maandishi ya dhahabu. Mwaka 1993 wakaleta za kung'aa kama kioo. Mwaka 1997 zikaingia sokoni kadi zenye nakala moja tu duniani, na hapo ungedhani mchezo umefika mwisho. Wapi! Mtambo wa kuchapa rangi unatumia mabamba manne, basi wakaanza kuweka hata mabamba yenyewe kwenye pakiti, kila bamba likiitwa "moja tu duniani". Kwa hiyo kadi moja ya mchezaji mmoja inazaa "moja tu" nne. Wakusanyaji wa huko wanalalamika kila siku: hakuna anayeweza kumaliza seti, na mtoto mwenye hela ya pakiti moja hana chake.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu jambo hilohilo lilifanyika kwa jina letu, kwenye stempu.

Mpaka katikati ya miaka ya 1970, stempu zetu nyingi tulichangia na Kenya na Uganda, majina ya nchi zote tatu yako kwenye kikaratasi kimoja. Zilikuwa chache kwa mwaka na zilitumika. Mzee wa katani kule Muheza aliyemwandikia ndugu yake Mombasa alinunua hizohizo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mambo yakabadilika. Mwaka 1985 zikatoka stempu za Tanzania zenye mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1986, Kombe la Dunia la Mexico, mashindano ambayo Taifa Stars haikuwemo. Baadaye vikaja vikatuni vya Disney, wanamuziki wa Marekani, na madinosaria. (Dinosaria tuwasamehe, hao ni wa kwetu, mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909.) Nyingi ya stempu hizo zilishughulikiwa na mawakala wa nje. Mkubwa wao alikuwa Inter-Governmental Philatelic Corporation ya New York, iliyofanya kazi hiyo kwa nchi nyingi za Afrika na visiwa vya Karibiani.

Biashara yenyewe iko hivi. Stempu ni risiti ya huduma: ukinunua, posta inakudai kubeba barua yako. Lakini mkusanyaji wa Ujerumani akinunua stempu ya Tanzania akaifungia kabatini, hatatuma barua. Posta imepata hela na haina cha kubeba. Kwa nchi iliyokuwa na njaa ya fedha za kigeni miaka ile, unaelewa kwa nini ofa hiyo ilikuwa tamu.

Tatizo ni kwamba ukishamjua mteja ni mkusanyaji, unaanza kumtengenezea vya kukusanya. Chukua mfano wa picha nne za seti moja. Unazitoa zikiwa na vitundu vya kuchania pembeni. Halafu unazitoa bila vitundu. Halafu unazichapa zote nne pamoja kwenye karatasi ndogo ya kumbukumbu, na karatasi hiyo nayo bila vitundu. Halafu unazipiga muhuri hukohuko kwenye mtambo ili ziuzwe kwa bei poa kama "zilizotumika", wakati hazijawahi kuona mlango wa posta. Picha nne tayari ni rundo. Zidisha kwa seti za mwaka mzima, mkusanyaji anachoka na kuifunga albamu.

Hatukuwa wa kwanza. Falme ndogo za Ghuba kama Ajman na Fujairah zilifanya hivyo miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa 1970, kwa wingi hadi katalogi ya Stanley Gibbons ya Uingereza ikazitupa nyingi kwenye kiambatisho cha nyuma badala ya kuziorodhesha kama stempu kamili. Mpaka leo muuzaji wa Ulaya huziuza kwa mafungu, kama dagaa. Za kwetu nyingi za miaka ile zinauzwa hivyohivyo. Ndiyo maana albamu ya babu iliyojaa Disney zinazong'aa inakurudishia nauli tu, kama inarudisha.

Kuanzia mwaka 2002 Umoja wa Posta Duniani una mfumo wa kuzipa namba stempu zilizotolewa kihalali, kwa sababu ilifika mahali watu wanachapa stempu kwa majina ya nchi ambazo hazina hata habari.

Sasa linganisha na kitu kilichotokea hapahapa mkoani kwetu.

Baada ya Waingereza kushindwa kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914, meli zao ziliendelea kuziba pwani na Wajerumani wakaishiwa stempu. Mwanzoni mwa 1916 wakaomba kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni kule Vuga, Usambara, eneo la Soni ukipandia Mombo, kichape stempu za dharura. Zikachapwa za heller 2½, heller 7½ na rupia 1, hazina mapambo kabisa. Machi 1916 meli iitwayo Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza ikiwa na mzigo wa vita pamoja na stempu kutoka Ujerumani, zile za Vuga zikakosa kazi. Waingereza walipokaribia, zikafukiwa ardhini Morogoro zisitekwe. Zilikuja kufukuliwa mwaka 1921, nyingi zimeshaharibiwa na unyevu, zilizopona zikapelekwa Ujerumani zikauzwa.

Wakusanyaji wanaziita "Wuga" mpaka leo na wanazitafuta. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua zitakuwa chache. Uchache uliletwa na vita, meli na unyevu wa Morogoro. Hata tofauti za uchapaji kati ya stempu moja na nyingine zinatokana na kiwanda kidogo kilichochapa kwa haraka wakati wa shida. Mtu akizitazama anasoma historia. Akitazama toleo la nne la Disney anasoma orodha ya bei.

Kwa hiyo kipimo ninachowapa wadau ni swali moja: hiki kitu kilitengenezwa ili kifanye kazi, au ili kikusanywe? Ukiishika albamu, fanya hivi:

1. Geuza nyuma ya stempu. Ikiwa ina muhuri mbele na gundi yake nyuma iko nzima, hiyo ilipigwa muhuri kiwandani. Usitegemee hela hapo.

2. Bahasha nzima ni bora kuliko stempu iliyobanduliwa. Barua ya zamani yenye muhuri wa Pangani, Korogwe, Amani au Lushoto unaosomeka vizuri ina wanaoitaka, hata kama stempu yenyewe ni ya kawaida. Usikate, usiloweke kwenye maji.

3. Ukiona maandishi "G.R. MAFIA" juu ya stempu ya Kijerumani, tulia. Waingereza waliteka Mafia mwezi Januari 1915 na kweli walipiga maandishi hayo, ila yameghushiwa sana. Mpe mtaalamu aangalie kwanza.

4. Mtandaoni usitazame bei mtu anayoomba, tazama bei iliyouzwa. Yeyote anaweza kuandika dola 1,000.

5. Asitokee mtu akakuambia "toleo adimu, nakala chache" ukafungua pochi, iwe stempu, stika au kadi. Muulize nani aliamua ziwe chache.

Kinachoniuma mimi kuliko hizo dola ni mtoto wa shule. Kukusanya stempu ilikuwa njia rahisi ya mtoto wa Makorora kuijua dunia bila nauli. Alijifunza nchi, hela zake na viongozi wake kutoka kwenye bahasha za baba. Hobi hiyo inataka kitu kimoja tu: uwezekano wa kumaliza. Ukiuondoa, mtoto anagundua mapema kwamba mchezo ni wa wenye hela, anauacha. SMS na barua pepe zimechangia kuua stempu, sikatai, lakini waliotoa matoleo bila kikomo nao walisaidia kuchimba kaburi.

Kwa leo naishia hapa. Kama nyumbani kwenu kuna barua za zamani, hasa za mashamba ya katani au reli ya Tanga, zifungue kwa mikono mikavu kisha tuambie hapo chini umeona muhuri wa wapi na wa mwaka gani. Majina ya watu na anwani msiandike.

Nawasilisha.