Mvinyo wa Ufaransa: Funika lebo, onja kwanza

Anayenunua mvinyo wa Ufaransa jijini Kigali au Bujumbura hukuta chupa mbili za mililita 750 kila moja, lakini moja inauzwa mara tano ya nyingine. Ipi inastahili bei yake? Kabla ya kuagiza katoni, njia rahisi ya kujua ni kuchanga fedha na marafiki, kununua chupa tatu na kuzionja pamoja wakati wa chakula cha jioni.

Zifungeni chupa kwa gazeti na kuziandika namba, kwa sababu jina kubwa hudanganya ulimi. Mei 24, 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji mashuhuri wa Ufaransa mjini Paris, akawapa mvinyo bila kuwaonyesha lebo. Mvinyo wa California ulishika nafasi ya kwanza, mweupe na mwekundu, mbele ya ule wa kwao wenyewe.

Kwa kuanzia, chagueni Chablis, Beaujolais na Bordeaux, na mzionje kwa mpangilio huo, kutoka mwepesi kwenda mzito. Mililita 60 kwa kila mmoja zinatosha, hivyo chupa moja huhudumia watu 12. Angalieni rangi, nuseni, kisha mezeni kidogo. Anayeendesha gari ateme.

Chablis ni mweupe, mkavu na una uchachu, hivyo hufanya kazi ya limau kwenye samaki wa kukaanga. Beaujolais ni mwekundu mwepesi unaokwenda vizuri na kuku. Bordeaux huacha ukakasi mdomoni kama wa ndizi mbichi, lakini ukila nyama choma yenye mafuta ukakasi huo hupungua. Kwa joto letu, mvinyo mwekundu nao uwekwe kwenye friji kama nusu saa.

Kila mmoja aandike chupa aliyoipenda na bei ambayo angekubali kuilipia. Baada ya hapo ndipo magazeti yafunguliwe. Tofauti kati ya bei mliyoandika na bei ya dukani ndiyo somo la jioni hiyo.

Sasa someni lebo. Wafaransa kwa kawaida huuza jina la mahali kuliko jina la zabibu. Chablis hutengenezwa kwa zabibu za Chardonnay, Beaujolais kwa Gamay, na Bordeaux nyekundu hasa kwa mchanganyiko wa Merlot na Cabernet Sauvignon. Majina hayo yanalindwa kisheria. Maneno “Mis en bouteille au château” yana maana kwamba mvinyo ulijazwa kwenye chupa hapo hapo shambani. “Vin de France” unaweza kutoka sehemu yoyote ya nchi hiyo.

Suala hilo la asili linakufuata hadi mpakani. Cheti rahisi cha uasili kinachotolewa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mvinyo wa Ufaransa unabaki kuwa wa Ufaransa hata kama umeununua Kigali, hivyo cheti hicho hakiuhusu. Piga hesabu ya ushuru kwanza, na nunua ule ambao wateja wako wataupenda hata lebo ikiwa imefunikwa.