Uzito wa Picha Katika Tovuti

Picha ya kidijitali ni jedwali la nukta ndogo sana ziitwazo pikseli, na kila pikseli hubeba namba tatu zinazoeleza kiasi cha rangi nyekundu, kijani na bluu kilichochanganywa ili kupata rangi ya mahali hapo. Kwa kuwa kila namba huchukua baiti moja, pikseli moja huchukua baiti 3. Kamera ya simu inayotoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000 huzalisha pikseli milioni 12, na picha hiyo, kama ingehifadhiwa vivyo hivyo, ingekuwa na uzito wa megabaiti 36. Faili inayoonekana ndani ya simu huwa na megabaiti chache tu kwa sababu simu imekwisha kuibana kabla ya kuihifadhi. Kwa hiyo uzito wa picha hutokana na mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa: idadi ya pikseli zake, na namna pikseli hizo zilivyobanwa, ambayo ndiyo huamuliwa na umbizo la faili, au fomati kama wengi waiitavyo.

Jambo la kwanza ndilo linalosahaulika zaidi, ingawa ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mfano wake ni duka la kanga linalouza bidhaa kupitia tovuti. Kioo cha simu nyingi za bei nafuu kina upana wa pikseli 720, hivyo picha ya pikseli 4,000 inapofunguliwa humo, simu huipakua yote nzima, kisha huifinya ili itoshee kwenye kioo, na mteja huwa amelipia pikseli ambazo macho yake hayakuziona kamwe. Picha hiyo ikipunguzwa hadi pikseli 1,200 kwa 900, pikseli zake hubaki 1,080,000, yaani takriban sehemu moja ya kumi na moja ya zile za awali. Ukurasa wenye picha 10 za megabaiti 4 kila moja hula megabaiti 40, na mwenye bando la megabaiti 500, akiupakua upya kila mara, ataufungua mara 12 tu. Picha hizohizo zikiwa na kilobaiti 200 kila moja, bando lilelile hutosha mara 250. Pale ambapo watu wengi hununua intaneti kwa bando la siku au la wiki, hesabu hiyo ina uzito wa kimaadili, kwa maana anayeweka picha ndiye anayeamua ukubwa wake, ilhali anayeitazama ndiye anayelipa. Kipimo cha nukta kwa inchi, ambacho wengi huhangaika kukishusha, kinahusu uchapaji wa karatasi, na kukibadilisha peke yake bila kugusa idadi ya pikseli hakupunguzi uzito wa faili.

Umbizo lililoenea zaidi kwa picha za kamera ni JPEG, lililoidhinishwa mwaka 1992 na kupewa jina la jopo la wataalamu lililoliunda. Msingi wake ni kanuni ya hisabati iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao; Ahmed alikuwa ameomba fedha za kuichunguza kanuni hiyo akanyimwa, akaendelea nayo hivyohivyo. JPEG hutumia udhaifu wa jicho la mwanadamu, ambalo hutambua tofauti za mwanga vizuri zaidi kuliko tofauti za rangi, kwa hiyo hutenganisha mwanga na rangi, na mara nyingi taarifa za rangi hupunguzwa zibaki robo. Kisha picha hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kipande huelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi mapana na membamba, na mawimbi membamba, yanayobeba vitu vidogovidogo, hukadiriwa kwa ukali zaidi au kutupwa kabisa.

Kanga huonyesha waziwazi faida na hasara ya njia hiyo. Mikunjo ya kitambaa na vivuli vyake, ambamo rangi hubadilika polepole, hubanwa vizuri bila jicho kugundua lolote. Lakini jina, yaani maneno yaliyoandikwa kati ya mji (sehemu ya katikati ya kanga) na pindo la chini, lina herufi zenye kingo kali, na kingo kali huhitaji yale mawimbi membamba yaliyotupwa. Ubora ukishushwa kupita kiasi, herufi huzungukwa na ukungu wa madoa. Ubora wa kati ya 75 na 85 kwa 100 hufaa picha nyingi, na mwenye duka anayetaka kujua kama amebana mno hana haja ya kukagua picha nzima, kwa kuwa herufi za jina ndizo zitakazoharibika kwanza.

Pale ambapo picha yenyewe ni maandishi na mistari, kama vile orodha ya bei iliyonakiliwa kutoka kwenye kioo cha kompyuta, PNG hufaa zaidi. Umbizo hili lilizaliwa kutokana na mgogoro: GIF, lililotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987 likiwa na kikomo cha rangi 256, lilitumia mbinu ya kubana iliyokuwa na hataza ya kampuni ya Unisys, na tangazo la kudai malipo lililotolewa mwishoni mwa mwaka 1994 liliwasukuma wataalamu kubuni mbadala ulio huru, uliokamilika mwaka 1996. PNG haitupi chochote. Hukisia kila pikseli kutokana na jirani zake, kisha hufupisha yanayojirudia. Eneo pana la rangi moja hubanwa likawa dogo mno, lakini picha ya kamera ya pikseli 1,200 kwa 900, ambayo karibu kila pikseli yake ni tofauti na ya jirani, mara nyingi huzidi megabaiti moja. Nembo ya duka ingefaa zaidi kuwa SVG, umbizo linaloeleza maumbo kwa maandishi badala ya pikseli, ambalo hubaki na kingo safi hata likikuzwa kiasi gani.

WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, hubana kwa njia zote mbili, ya kutupa na ya kutotupa, na kwa vipimo vya Google yenyewe hupunguza uzito kwa asilimia 25 hadi 34 ikilinganishwa na JPEG ya ubora uleule. AVIF ya mwaka 2019 huweza kupunguza hata zaidi, ingawa kuitengeneza huichosha kompyuta. Vivinjari vya kisasa hufungua zote mbili, na tovuti inaweza kuwekewa AVIF au WebP pamoja na JPEG ya akiba, ili kivinjari cha zamani kichukue kile kinachokiweza.

Kupunguza huku kote hufanyika kwenye nakala. Faili ya JPEG inayofunguliwa, kurekebishwa na kuhifadhiwa tena hupoteza kitu kila mara, na kilichotupwa hakirudishwi na programu yoyote, hivyo faili halisi iliyotoka kwenye kamera hutunzwa mahali pake, nje ya tovuti, ikingoja siku ambayo kanga ileile itahitaji kuchapishwa kwenye bango.