Bei ya zulia peke yake haimlipi msafishaji

DAR ES SALAAM: Biashara ya kusafisha mazulia majumbani na maofisini huonekana nyepesi kuianza: mashine moja, sabuni, vijana wawili na usafiri. Wateja wapo, hasa Idi na Krismasi zinapokaribia. Hata hivyo, wapo wanaomaliza mtaji huku kazi zikiendelea kuja. Chanzo kikubwa ni namna ya kupanga bei.

Kawaida ni kutoza kwa mita ya mraba. Chukua mfano wa zulia la mita 3 kwa 4, yaani mita 12 za mraba, linalotozwa sh. 2,000 kwa mita. Mapato ni sh. 24,000. Ujira ukiwa sh. 9,000, usafiri sh. 6,000 na sabuni sh. 3,500, fedha inayotoka mfukoni ni sh. 18,500.

Lakini mashine nayo inachakaa. Kama ilinunuliwa kwa sh. 1,800,000 na inatarajiwa kufanya kazi 600, kila kazi inadaiwa sh. 3,000. Faida halisi ni sh. 2,500 tu.

Mshindani akitoza sh. 1,700 kwa mita, na mwenye mashine akamfuata, atapokea sh. 20,400. Mfukoni ataona zimebaki sh. 1,900 na kudhani amepata. Baada ya kazi 600 atakuwa na sh. 1,140,000, hata kama hakula senti. Mashine imekufa, na ya kununua nyingine zinapungua sh. 660,000.

Faida iko kwenye nyongeza

Nafuu hupatikana mteja huyo huyo anapoongeza kazi: sofa, godoro, mapazia au kuondoa harufu. Seti ya sofa ikitozwa sh. 20,000, ujira wa ziada ukawa sh. 6,000, sabuni sh. 2,000 na uchakavu sh. 3,000, zinabaki sh. 9,000. Usafiri umekwishalipwa na zulia. Kwa bei ya sh. 2,000, safari moja sasa inaleta faida ya sh. 11,500.

Nyongeza inayotajwa baada ya zulia kulowa, hata hivyo, ni mtego. Mteja aliyeitikia bei ndogo, kisha akadaiwa fedha zaidi kwa kila doa, hulipa mara moja na harudi tena. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bei. Njia salama ni kukagua kwanza, kuandika kila huduma na bei yake, na mteja akubali kabla mashine haijawashwa.

Ukaguzi humlinda msafishaji pia. Zulia la sufu huweza kusinyaa kwa maji ya moto, na dawa za klorini huiharibu sufu yenyewe. Dawa ijaribiwe kwanza kwenye kona isiyoonekana. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, zulia huchelewa kukauka na kuvunda, hivyo gharama ya kurudia kazi au ya feni za kukaushia lazima iingie kwenye hesabu.

Kwa mwekezaji mdogo, swali la kujiuliza kabla ya kushusha bei si jirani anatoza ngapi. Ni kama kila kazi inaweka kando fedha ya mashine ijayo.