Mgeni Mwenye Bunduki: Lini Mwenyeji Hupona?

Mwezi uliopita nilikuwa Matete, kaunti ya Kakamega, kwenye matanga ya baba wa rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Ni mbali na kwetu, kule kwenye miwa na mahindi, karibu na Webuye. Jioni tulikaa nje tukinywa chai, na mama mmoja mtu mzima aliposikia kuwa natoka Mombasa akasogeza kiti chake karibu.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe uko karibu na Somalia kuliko sisi. Kijana wangu ni mwanajeshi, yuko huko. Hii vita itaisha lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwombea mwanawe arudi salama, kisha nikanyamaza. Lakini swali lake limenifuata hadi nyumbani. Nchi ikiharibika, je, nchi nyingine ziingize majeshi kuitengeneza? Na zikishaingia, zitoke lini?

Tuanze na sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 unakataza nchi moja kuitumilia nguvu nchi nyingine. Milango iliyoachwa wazi ni michache: nchi iliyoshambuliwa inaweza kujitetea, na Baraza la Usalama linaweza kuruhusu nguvu itumike kulinda amani. Mlango mwingine ni pale serikali halali inapoomba msaada yenyewe. Nao Umoja wa Afrika, katika mkataba wake wa mwaka 2000, ulijipa haki ya kuingia katika nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Kwenye karatasi, hiyo ni haki kubwa. Lakini Disemba 2015 umoja huo ulipopendekeza kupeleka askari 5,000 Burundi, serikali ya Bujumbura ilikataa, na mwezi uliofuata marais wenzao wakaliacha jambo hilo.

Sasa tuje Somalia, ambako sisi wa Pwani hatuhitaji kusimuliwa. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli ya Kiwayu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumteka mkewe. Oktoba mosi wakamchukua mwanamke Mfaransa kutoka Manda, akafia mikononi mwao. Siku chache baadaye wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Uhispania, wakatekwa Dadaab. Katikati ya Oktoba jeshi la Kenya likavuka mpaka, operesheni ikaitwa Linda Nchi. Mwaka uliofuata Kismayu ikatoka mikononi mwa Al-Shabaab, na askari wetu wakawa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM.

Tuseme kweli: bandari ya Kismayu ilitekwa, na Al-Shabaab walipoteza mapato makubwa. Hilo si dogo. Lakini nyumbani nako moto ukawaka. Westgate, Septemba 2013, watu 67. Mpeketoni na vijiji jirani, Juni 2014, zaidi ya 60. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148. Januari 2016 kambi ya askari wetu kule El Adde ikavamiwa, na familia nyingi zikapokea majeneza. Kwetu Lamu, wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, na skuli katika vijiji vya Waboni zikafungwa. Mombasa kuna kina mama ambao vijana wao walichukuliwa na watu wasiojulikana na hadi leo hawajawaona. Yote haya ni gharama ya vita, ingawa hayaandikwi kwenye bajeti ya ulinzi.

AMISOM ikabadilishwa jina kuwa ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025. Kila jina jipya lilikuja na ahadi ya kuondoka. Disemba 2024, serikali ya Mogadishu na utawala wa Jubaland wakapigana wao kwa wao pale Ras Kamboni, na mamia ya askari wa serikali wakakimbilia upande wetu, kaunti ya Lamu. Hapo ndipo penye tatizo. Jeshi la mgeni linaweza kumfukuza adui mjini, lakini haliwezi kuwapatanisha wenye nyumba.

Na kuna jingine. Mgeni mwenye bunduki huweza kumzaa adui aliyekuja kumwondoa. Disemba 2006 Ethiopia iliingia Somalia kuwaondoa wale wa Mahakama za Kiislamu. Iliwaondoa kwa siku chache tu. Lakini vijana waliokuwa kundi dogo ndani ya harakati hiyo, Al-Shabaab, wakapata hoja ya kuwaambia watu: nchi yenu imevamiwa. Ethiopia ilipoondoka Januari 2009, kundi hilo lilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote kabla.

Watu wa Matete wanalijua jambo hili kwa kumbukumbu zao wenyewe. Rafiki yangu alinionyesha kwa kidole upande wa mlima wa Chetambe, kule Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walizingirwa pale ndani ya ngome yao na jeshi la Mwingereza Hobley. Kwa Waingereza ile ilikuwa safari ya kutia adabu. Kwa wenyeji ni mauaji ambayo wajukuu wanasimuliwa hadi leo. Na wengi waliofyatua risasi hawakuwa Wazungu: walikuwa askari wa Kisudani, Waganda na watu wa Nabongo Mumia. Wakubwa hupanga, na watoto wa masikini hutumwa.

Je, basi tuseme jeshi la nje lisiingie popote? Hapana. Hapo nitakuwa mwongo. Mwaka 1994 Rwanda, mauaji yalipoanza, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi chake kutoka askari 2,500 hivi hadi 270. Watu wapatao laki nane waliuawa, na dunia inatazama. Leo watu wa Sudan, waliomo vitani tangu Aprili 2023, wana haki ya kuuliza kama wamesahauliwa vivyo hivyo. Kukaa kando nako ni uamuzi, na una damu yake.

Mfano wa karibu uliokwenda vizuri ni Anjouan, kwa ndugu zetu wa Komoro. Kanali Mohamed Bacar aliking'ang'ania kisiwa baada ya uchaguzi ambao serikali ya muungano na Umoja wa Afrika waliukataa. Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudan waliingia pamoja na jeshi la Komoro lenyewe. Bacar akakimbilia Mayotte, na Juni mwaka huo huo watu wa kisiwa wakapiga kura. Pale mwenyeji aliomba, Afrika iliidhinisha, na kazi ilikuwa moja yenye mwisho unaoonekana.

Uganda ya 1979 ni somo la kati. Idi Amin aliivamia Kagera mwaka 1978, na Tanzania ilikuwa na haki ya kujitetea. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, watu wakashangilia barabarani. Lakini Profesa Lule alikaa ikulu siku 68 tu, Binaisa akaondolewa mwaka uliofuata, na baada ya uchaguzi wa Disemba 1980 vita vikaanza upya hadi Januari 1986. Kumtoa dikteta kulichukua miezi. Kutafuta serikali ambayo watu wanaikubali kulichukua miaka, na jeshi la mgeni halikuweza kuifanya kazi hiyo.

Sisi Waislamu tuna mizani yetu katika Surat Al-Hujurat, aya ya tisa. Makundi mawili ya waumini yakipigana, yapatanishwe. Moja likidhulumu jingine, lipigwe vita mpaka lirejee. Likirejea, yapatanishwe kwa uadilifu. Tazama mpangilio wake: upatanishi uko mwanzo na uko mwisho. Nguvu iko katikati, na ina mpaka. Sisi tumeishikilia ile ya katikati, tukasahau pande zote mbili.

Kwa hivyo, kabla ya kijana mwingine kupandishwa ndege, tuulize. Nani amemwita? Kazi yake ni ipi, na tutajuaje kuwa imekwisha? Nani anawapatanisha wenyeji wakati yeye analinda? Katiba yetu, kifungu cha 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje. Januari 2024 Mahakama Kuu ilizuia polisi kupelekwa Haiti kwa sababu sheria haikufuatwa. Mwezi Juni walipelekwa hata hivyo. Mbunge wako anapokuja kuomba kura, muulize alisema nini siku hiyo.

Wahenga wetu wa baharini walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata Somalia, mwisho wa yote, itarudi mezani: Wasomali na Wasomali, koo na koo, Mogadishu na Kismayu. Kila mwaka meza hiyo inapocheleweshwa, kuna nyumba nyingine inayolipa.

Yule mama wa Matete aliniuliza vita itaisha lini. Leo ningemjibu hivi: bunduki ya mwanao haiwezi kuimaliza peke yake, mama, na waliomtuma walistahili kukwambia hivyo kabla hajaondoka.